Fuata Kidole

Ndani ya basi, mshonaji alikaa akitazamana na fundi rangi na mkewe.

"Nimeanguka kwenye ngazi nikagonga kichwa," fundi alifoka, "halafu daktari ananiambia nifuate kitone kwenye skrini kwa macho! Kichwa chenyewe hata hakukigusa."

"Anasema macho ndiyo yanayoonyesha ubongo umetikisika. Kesho hupandi ngazi, baba watoto."

"Napanda! Hebu nipime wewe."

Mke akainua kidole, akakipeleka kushoto, kulia. Macho hayana pazia. Mshonaji naye, ambaye hakuanguka popote, akakifuata hadi akashikwa na kizunguzungu.

Basi likasimama.

"Umeona?" fundi alisema, macho yake yakienda huku na huku. "Nakifuata vizuri."

Mkono wa mkewe ulikuwa umeshashuka kitambo, umetulia juu ya mkoba.