Tonge la Kwanza la Mama Marcelline

Tunayemzika leo hapa Lusangi, tarehe 12 Februari 1958, ni Marcelline, mke wa Emile, ambaye wengi wetu tulimwita Mama Odile. Alizaliwa Wamaza mwaka 1909, binti wa mzee Bulaimu, akabatizwa katika misheni ya Kasongo.

Huko misheni alisoma miaka minne. Masista walimfundisha kusoma na kushona. Kuimba alikwenda nako tayari, tena kwa sauti ambayo ilifanya awekwe mstari wa nyuma kabisa ili wengine nao wasikike.

Mwaka 1931 mdogo wake Régina, msichana wa miaka kumi na minne, alianza kukonda. Alikunywa maji bila kushiba, na pale alipokojoa sisimizi walijaa. Nyumbani walidhani ameishiwa nguvu, wakampa muwa. Marcelline ndiye aliyekuwa akimmenyea. Régina alikufa kabla mwezi haujaisha, na Marcelline hakumenya muwa tena maishani mwake.

Aliolewa na Emile mwaka 1933, wakalima mpunga hapa Lusangi. Mwaka 1940 walimpata Odile, mtoto wao wa pekee. Katika nyumba ya Emile, tangu enzi za bibi yake, wali mpya hauguswi mpaka mama wa nyumba ale tonge la kwanza. Marcelline alilipenda tonge hilo kuliko sikukuu zote.

Kisha, mwaka 1946, kiu ikampata. Kidonda cha mguu kikakataa kupona. Asubuhi moja akawaona sisimizi nyuma ya nyumba, akajua, au alidhani anajua, kwamba anamfuata Régina. Hakulalamika. Aliwagawia mawifi zake sufuria zote, akamkumbatia Odile, akangoja kufa. Emile alimpandisha lori la mpunga kwa nguvu hadi hospitali ya Kasongo.

Daktari alichemsha mkojo wake pamoja na dawa ya bluu, ikageuka rangi ya tofali. Marcelline akamsimulia habari za Régina na muwa, akamwuliza yeye atakufa lini.

“Ugonjwa wa sukari iko namna mbili,” daktari akamwambia. “Ya mudogo wako, mwili ilikosa kabisa dawa yake ya ndani. Hata bila muwa, kama hakuna sindano ya kila siku, angekufa tu. Yako ni ile inashika sana watu wazima. Dawa ya ndani iko, lakini mwili inaisikia kidogo. Punguza wali, bugali na ndizi za kuiva. Kula sombe ya majani ya muhogo, maharagi na samaki. Tembea. Utamulea mutoto wako.”

Emile anasema mkewe alilia njia nzima ya kurudi, na hakuwa akijililia yeye.

Alipofika alizidai sufuria zake. Zilirudi zote isipokuwa ile kubwa, ambayo wifi yake Louise aliificha na kuapa kwamba haijui. Walitaniana juu ya sufuria hiyo mpaka juzi.

Mama alishika masharti. Tusiseme ilikuwa rahisi, maana huku mtu asiyekula wali wa mwenyeji wake huonekana ana kinyongo, naye aliitwa mwenye maringo katika arusi zaidi ya moja. Harufu ya wali ilimtesa. Kwa mwaka mzima alingoja mavuno, na hapo alijiruhusu tonge lake moja, amefumba macho.

“Unatafuna kama mutu anasali,” Emile alikuwa akimtania.

“Basi niache nisali. Nikimaliza, ni mupaka mwaka mwingine.”

Mwaka 1953 Nuru, binti wa jirani yetu Asani, alikonda ghafla kwa kiu. Majirani, kwa nia njema, walimnyima wali na ndizi, wakasema afuate chakula cha Mama Odile. Marcelline alipomwona alipiga kelele iliyosikika hadi kisimani.

“Hii haiko yangu! Hii ni ya Régina! Hata mukimufungia chakula atakufa! Sindano, Asani, leo leo!”

Alimpeleka Kasongo yeye mwenyewe. Nuru anaishi huko kwa shangazi yake, karibu na hospitali, anachomwa sindano kila siku, na leo yuko hapa, amesimama kando ya Odile.

Januari mwaka huu mwiba ulimchoma Mama mguuni. Jeraha likaoza, homa ikapanda. Mpunga ulipovunwa Odile alimletea sahani kitandani. Mama aliinusa kwa muda mrefu, lakini kinywa kilikataa, akamwambia binti yake:

“Onja weye, mama. Watu iko na njaa.”

Odile akakataa. Marcelline alifariki Jumanne tarehe 11 Februari, saa nne asubuhi. Wali ule haukuliwa.

Ameacha mume, Emile, ambaye tangu jana anageuka kila mlango ukilia, binti, Odile, wifi, Louise, na Nuru, ambaye alimwita mama mdogo. Tumeanza kumkosa kabla hata hajafukiwa. Mungu ampokee, ampumzishe karibu na Régina.

Wali mpya umepikwa, katika ile sufuria kubwa. Louise ameileta mwenyewe asubuhi, akilia. Odile amekubali. Tukitoka makaburini, tafadhali, mtu yeyote asitie mkono mpaka yeye ale tonge la kwanza.