Kurejea kwa Luteni Galen Tveit Kutoka Baharini

Wapendwa mliojaza kanisa hili leo, Jumamosi, tarehe 5 Novemba 1988, familia ya Mzee Orville na Mama Marlys Tveit inawasimulia safari ya mtoto wao.

Galen alizaliwa tarehe 11 Aprili 1960, hapa Decorah, Iowa, akiwa kitindamimba na mtoto wa kiume pekee, akamaliza sekondari Mei 1978 na shahada ya uhandisi huko Ames mwaka 1982, na alipochagua urubani wa jeshi la majini, babake, aliyetumaini kumwachia shamba, akamwambia, “Mahindi hayaanguki baharini, mwanangu,” naye Galen akajibu, “Wala hayaruki, baba,” wakacheka wote wawili, mzee akampeleka mwenyewe kituo cha basi.

Alipata mafunzo Pensacola, Florida, akavishwa beji ya mabawa ya urubani wa jeshi la majini tarehe 24 Agosti 1984, na tarehe 8 Juni 1985 akafunga ndoa na Noreen, wakajaliwa binti, Kirsten, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1987, ambaye Galen alimbembeleza kwa kumwimbia vibaya sana.

Marehemu hakuugua. Jumanne, tarehe 13 Septemba mwaka huu, alitua saa nne asubuhi juu ya manowari ya kubebea ndege, katika Atlantiki, waya wa kuinasa ndege ukakatika, ndege ikaserereka kuelekea ukingoni, akamwamuru mwenzake wa kiti cha nyuma, Luteni Duane Pruitt, “Toka! Toka!”, naye Pruitt akavuta kishikio cha kufyatulia kiti, kiti chake kikaruka nje, lakini ndege ikapiga maji kabla kiti cha Galen hakijafyatuka.

Kwa siku arobaini na tatu Mama Marlys hakuwa na kaburi la kulilia, kulikuwa na minong’ono kwamba kijana wake alikosea, na yeye aliandamwa na wazo moja ambalo hakumwambia hata mumewe, kwamba mwanawe alibaki hai mle ndani, chini, akingoja kusaidiwa.

Tarehe 26 Oktoba wapiga mbizi waliiinua ndege, mwili wa Galen ukiwamo, daktari akathibitisha kwamba alifariki papo hapo, maji hayakumkuta hai, na wachunguzi wakakuta vishikio vya injini vimesukumwa hadi mwisho, kama rubani anavyotakiwa kufanya anapotua manowarini ili aweze kupaa tena waya ukishindwa, wakatuandikia barua kwamba hakuwa na kosa lolote. Mama Marlys aliisoma barua hiyo akiwa amesimama jikoni, akaketi, akasema, “Basi,” na siku hiyo akala chakula kizima kwa mara ya kwanza tangu ajali.

Luteni Pruitt alipokuja juzi, akitembea kwa magongo tangu ajali, alisimama mlangoni akauliza, “Mama, nilichelewa kuvuta?” naye akamjibu, “Ungechelewa ningewazika wawili, mwanangu. Ingia, keti, ule.”

Tunawashukuru wapiga mbizi na madaktari, wanajeshi wenzake waliombeba, majirani waliovuna mahindi yetu bila kuombwa na kutuletea vyakula hata friji ikagoma kufungwa, na mchungaji wetu, aliyejua kunyamaza.

Tunalia, lakini tunapumua, kwa kuwa tunajua alipo.

Lala kwa utulivu, Galen, katika udongo wa kwenu.