Wasifu wa Dakta Ittoop Kurian, Aliyeiamini Damu Kuliko Macho

Marehemu Dakta Ittoop Kurian hakuwa mtu mpole, na karatasi hii haitasema alikuwa mpole. Imeandikwa na shemeji yake, Pothen Varkey, kwa sababu mjane aliagiza hivyo, na Pothen hajawahi kuweza kumkatalia dada yake. Wanaotaka sifa tupu watazikuta kwenye shada kubwa la hospitali, lile lililoachwa langoni.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 huko Pala, mtoto wa nne wa Kurian Mathai, mkulima wa miti ya mpira, na mkewe Thresiamma. Alisoma shule ya parokia, ambako alichapwa mara kwa mara kwa kuwasahihisha walimu, kisha akasomea udaktari Kottayam na kuhitimu mwaka 1975.

Tarehe 14 Januari 1980 alimwoa Aleyamma, mwalimu wa jiografia. Wiki chache baadaye Pothen alishikwa na homa, na ukoo mzima ukataka achomwe sindano. Shemeji mpya alimtazama kidogo tu. "Huna kitu wewe, ni mafua. Acha kudeka, kalale." Pothen akalala, akapona. Hajamsamehe mpaka leo kwa kuwa sahihi.

Marehemu alisimamia wodi ya wagonjwa mahututi kwa miaka mingi. Alipoingia, kila mgonjwa aliyepata homa alipewa dawa kali za kuua vijidudu, ndugu wakishinikiza na madaktari wakiogopa lawama, hadi vijidudu vikazizoea na watu wakafa huku dawa zikiingia mshipani. Yeye akaleta kipimo cha damu. Kuna protini inayopanda maambukizi yanapoanza kusambaa mwilini, mara nyingi kabla presha haijaporomoka. Namba ikipanda, dawa zianze. Isipopanda, hakuna dawa. Aliiandika sheria hiyo kwa mkono wake kwenye ubao wa wodi, na daktari aliyeivunja alitukanwa mbele ya wafagizi. Watu wengi wako hai kwa sababu ya ubao ule. Hilo Pothen analikubali, shingo upande.

Tarehe 21 Juni 2023 jiwe la nyongo lilimlaza kwenye wodi ileile, mikononi mwa mwanafunzi wake, Dakta Renjith. Damu ilichukuliwa mara tu alipofika, na namba ikatoka chini. Jioni alianza kutetemeka, mikono ikapoa, akamwita mkewe Thresiamma, jina la mama yake.

"Renjith, mwanangu, huyu ameanza kuweweseka. Mpe dawa," Aleyamma alisema.

"Mama, namba iko chini. Tutarudia kipimo asubuhi. Ndivyo Profesa alivyotufundisha."

"Profesa mwenyewe hapo alipo hajui mimi ni nani."

Marehemu akafumbua macho, na kwa dakika ile akamjua vizuri sana. "Aleyamma, wewe kafundishe ramani zako. Waache madaktari wasubiri kipimo."

"Si umemsikia, Mama?" Renjith alisema, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Kipimo cha kwanza kilikuwa kimechukuliwa mapema mno, kabla protini haijapata muda wa kupanda. Jambo hilo marehemu alilifundisha mwenyewe kila mwaka, na wanafunzi wake walilijua. Lakini walimwogopa yeye kuliko walivyouogopa ugonjwa wake, na hakuna aliyethubutu kuivunja sheria ya ubao juu ya mwili wa mtu aliyeiandika. Asubuhi namba ilikuja imepanda sana. Dawa zikaanza. Alifariki mchana, Alhamisi tarehe 22 Juni.

Madaktari hao wako hapa leo, safu ya tatu. Pothen alitaka watolewe nje, dada yake akamkatalia. Jana Renjith alimfuata Aleyamma nyumbani, macho mekundu, akasema anakwenda kuufuta ubao.

"Thubutu," Aleyamma alimwambia. "Huo ubao umeponya watu. Uache ulivyo, chini yake uandike: mgonjwa mtazameni, na mke wake msikilizeni."

Ameandika. Pothen alikwenda kuhakikisha kwa macho yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alilia ndani ya wodi ya shemeji yake.

Marehemu ameacha mjane, Aleyamma, aliyeona mapema. Binti yake Sheeba na mkwewe Jijo. Wajukuu wawili, Tessa na Mathai. Dada yake Mariakutty. Na shemeji mmoja ambaye tangu Alhamisi hana mtu wa kugombana naye.

Mungu ampumzishe kwa amani, na asimsubirishe mlangoni.