Hakuna, Mara Arobaini

Treni ilipoondoka, mtafiti alimsimulia jirani yake wa kiti, mzee muuza dawa za kuulia wadudu wa mashambani, jinsi alivyozunguka wilaya nzima akitafuta huduma za kuwazuia watu wasijiue. "Nimeandika 'hakuna' mara arobaini," alisema, kwa fahari ya mtu aliyehesabu nyufa za ukuta bila kubeba hata tofali.

"Dukani kwangu si uliingia, binti?"

"Niliingia, mzee wangu. Niliomba choo."

"Basi mtu akitaka sumu, namuuliza ni ya mdudu gani, shamba gani. Asiponijibu, namwambia imekwisha, namkalisha, tunapiga soga mpaka ndugu yake afike. Mwaka huu ni wanne. Wote nakutana nao sokoni."

Digrii mbili na bado kichwa maji, mtafiti alijiambia, akipekua fomu. Kisanduku cha daktari kilikuwepo. Cha muuza dawa hakikuwepo.

"Andika upesi," mzee alisema, treni ikipunguza mwendo. "Nashuka hapa, nakwenda kupasuliwa mgongo. Miezi miwili sipo."

"Na dukani kabaki nani?"

"Shemeji yangu. Hodari huyo! Hajawahi kumrudisha mteja mikono mitupu."

Treni ikasimama.