Picha Zilizokaa Nyuma ya Picha

Baba Paroko, wazee wa ukoo wa Kikoti, majirani mliosafiri na sisi kutoka Mbalizi na ninyi mliotupokea hapa Tosamaganga, tumsifu Yesu Kristo. Historia hii alikuwa aisome kaka Zabron, sauti imemkatalia, mimi ni Jackline, mtoto wa mwisho wa marehemu, ndiye niliyeishi naye hadi siku zake za mwisho, nitasoma kama nilivyoandika na nikikimbia mnivumilie, kwa sababu kuna ombi nataka kulifikisha kabla jeneza halijainuliwa, ombi lenyewe linamhusu mwanangu.

Marehemu baba yetu, Sosthenes Ambrosi Kikoti, alizaliwa tarehe 2 Februari 1953 hapa hapa Tosamaganga, mtoto wa tatu wa marehemu Ambrosi Kikoti na marehemu Veneranda, alisoma hapa misheni hadi darasa la saba mwaka 1967, kisha akafundishwa useremala na baba yake mdogo, na mwaka 1969 akaajiriwa Iringa mjini kwenye duka la vioo na fremu la Bwana Jayanti, Mhindu, mtu aliyempenda kama mwanae.

Ghorofani kwa Bwana Jayanti kulikuwa na picha za rangi zilizochapwa India enzi za babu zao, picha za miungu wa hadithi za Kihindu, mwanamke amesimama juu ya ua la yungiyungi, mtoto wa bluu anaiba siagi, nyani amebeba mlima mzima, na nyingine mke wa Bwana Jayanti alikuwa amezishonea nguo kwelikweli, hariri na uzi wa dhahabu, baba alisema pangaboi likizunguka nguo zilikuwa zinatikisika na mwili umetulia. Mwaka 1973 familia ile ilihama nchi, picha wakamwachia baba kwenye kasha, na Bwana Jayanti akamwagiza kwa maneno ambayo nyumbani tuliyasikia mpaka tukayakariri, "Sosthe, weka hii mahali iko mwanga, iangalie watu, giza hapana."

Mwaka 1983 baba alihamia Mbalizi akafungua karakana yake ya fremu. Wazee mnaikumbuka miaka ile, sabuni hakuna, nguo hakuna, sembuse hadibodi, na fremu haiwezi kukaa bila kitu kigumu cha kukaza nyuma, wateja wanaleta picha za ndoa, za kipaimara, za baba zao, wanasubiri, basi baba akafungua kasha. Zile picha zilikuwa zimebandikwa kwenye kadibodi nene, kipimo kilekile, akawa anazipigilia misumari nyuma ya picha za watu, na ili mteja asione akauliza maswali, alizigeuza uso kwa ndani. Kwa hiyo kila mmoja wao alikaa gizani, anatazama mgongo wa mtu.

Tarehe 13 Julai 1985 alifunga ndoa takatifu na mama yetu Apolonia Mgongolwa, wakajaliwa watoto watatu, Zabron mwaka 1986, Faustina mwaka 1990, na mimi mwaka 2001, na mama alitangulia mbele za haki tarehe 4 Aprili 2017.

Masika ya mwaka 1998 alikuja karakana mama mmoja jirani, Mama Alinanuswe, amebeba picha ya marehemu mumewe kwenye kitenge, akaiweka mezani akasema, "Fundi, mume wangu nilimzika na mikono miwili, huu wa tatu umemwongezea wewe?" Watu wakacheka, na yeye akacheka, baba hakucheka. Unyevu ulikuwa umevuta rangi kupita kwenye karatasi, pale kwenye kiwiko cha marehemu ulikuwa umeota mkono mwingine, mwekundu, una bangili, vidole vyote vinahesabika, na baba alipofungua fremu akakuta yule mwanamke wa kwenye yungiyungi mkono wake mmoja haupo, pamebaki peupe. Ndipo Mama Alinanuswe akasema, tena kwa utani tu, kwamba mumewe kabla hajafa alikuwa anasumbua, anasema kuna mtu anampumulia shingoni.

Kuanzia siku hiyo baba alianza kuzikusanya, na ndiyo kazi mliyomjua nayo, alizunguka kote alikowahi kuuza fremu, Mbeya yote, Iringa, hadi Ruaha Mbuyuni kwa wakulima wa vitunguu, akiingia nyumbani kwa mtu anageuza picha ukutani kabla hajakaa, watoto wakamwita Fundi Nyumanyuma, na shemeji zake wakamtania, "Sosthe, hata hujatusalimia, umeshasalimia misumari." Aliweka hadibodi mpya bure, akarudi na yake, akazitundika sebuleni zote zikitazama dirisha, na walipomuuliza kwenye jumuiya, "Kikoti, umebadili dini?" alijibu, "Dini yangu ni ileile, hii ni amana ya watu," na rozari yake aliisali papo hapo chini yao.

Alizipata zote isipokuwa moja, ya mwanamke aliyeketi na ndege mweupe mwenye shingo ndefu, ana mikono minne, anapiga kinanda cha nyuzi. Hiyo aliitafuta hadi kwenye nyumba ambazo fremu zake alikwisha kuzifungua, wengine wakamfukuza.

Mwaka 2023 baba aligundulika na kisukari, baadaye figo, na kuanzia Pasaka ya mwaka huu akawa hataki kukaa mahali ambapo mgongo haujagusa ukuta, ananiambia, "Jackline, hebu nitazamie nyuma," natazama, hamna kitu, namwambia hamna kitu baba. Sasa mwanangu, Apolonia mdogo, ana miaka mitatu, akaja kumsalimia, akasema shikamoo babu, babu akaitikia marahaba, halafu akainua macho juu ya bega la babu yake akasema tena, shikamoo, akatega sikio, akatabasamu. Mimi nikaona utoto. Baba aliniuliza, "Ameitikiwa?"

Baba alifariki hospitalini Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa tano asubuhi, na niliporudi nyumbani mwanangu akanikimbilia, shikamoo mama, halafu akatazama juu ya bega langu, shikamoo. Tangu hapo hanisalimii mara moja, ni mbili, mmemwona wenyewe msibani, dada Faustina akacheka nikamwomba asicheke.

Wazee wameamua kwamba mwanangu, kwa kuwa amerithi jina la mama, ndiye atakayetangulia mbele ya jeneza ameikumbatia picha ya marehemu, ndiyo desturi yetu, na jana nilikubali. Leo asubuhi nikaifuta hiyo picha vumbi, ni ya ndoa yao, fremu aliitengeneza baba mwenyewe mwaka ule wa 1985, wakati hadibodi hakuna, misumari ni ileile, haijawahi kufunguliwa, alipekua kuta za watu wote na hii imening'inia juu ya kitanda chake miaka arobaini. Mlio mbele itazameni. Mama mkono mmoja ameshika maua, mwingine amempa baba, na baba mikono yake yote iko mbele. Vile vidole begani kwa baba ni vya nani?

Naomba radhi wazee, mwanangu hataibeba. Kaka Zabron ana koleo, ataifungua sasa hivi, hapa kwenye jua, na aliyemo atageuzwa awatazame, naombeni msikimbie, msifumbe macho, mtazameni tu, ndivyo alivyoagiza mwenyewe aliyeziacha, kisha picha ya baba na mama nitaibeba mimi. Mwanangu atasimama mbele yangu. Nataka anisalimie mara moja.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia baba, Baba Paroko na jumuiya, mafundi wenzake wa Mbalizi waliochonga jeneza hili kwa mikono yao, majirani mliotupikia na kutubeba, na wote ambao leo mtatazama pamoja nasi.

Baba, lala kwa amani, na mgongo wako upumzike.