Bwana Shuaib na Matuta ya Airisi ya Wiyoni

Ndugu tuliokusanyika kwa hitima hii, marehemu Shuaib bin Bakr alizaliwa Pate mjini tarehe 3 Juni 1961, na mamake alikuwa akisema kuwa mtoto huyu alianza kutambaa kabla ya kujua aendako, tabia ambayo hakuiacha. Alisoma Kurani chuoni, na shule ya msingi, huko huko Pate hadi 1976, akavuka kuja hapa Amu, akajifunza uashi mtaani Langoni, akawajengea watu baraza za kukaa maisha yake yote, wala hakuna baraza hata moja iliyobahatika kumkalisha. Tarehe 9 Disemba 1988 alimuoa Bi Swafiya, wakajaaliwa Nusra mwaka 1990 na Taufiq mwaka 1994.

Mwaka 2023 shemeji yake Harith, huyu huyu anayewasomea, aliyezunguka nti nyingi na kurudi na kitambi tu, alimletea Bi Swafiya mbegu za airisi, ua lenye majani kama panga, naye Bi Swafiya akazipenda, akaotesha nusu yake. Miche ilipofaa kupandwa, marehemu aliingia kiungani mwao Wiyoni, akapiga matuta, akayashindilia mavi ya punda yaliyozolewa ndiani wapitapo punda asubuhi ile ile, yangali na joto lake, kwa kuwa subira haikuwamo katika kapu lake la vyombo vya kazi. Miche yote ikaungua mizizi, Langoni nzima ikacheka, na Bi Swafiya akamwambia, "Shuaib, wapanda maua au wapika?"

Neno hilo lilimkera kuliko ugonjwa wa figo uliomwanza Agosti 2024. Mbegu zilizosalia zikaoteshwa katika mikebe ya maziwa, naye akachimba shimo, akafukia samadi, akalazimika kungoja, maskini, akilizunguka shimo lile kama mwenye njaa azungukaye sufuria ya pilau, akifunua, akinusa, akifunika, mpaka samadi ikapoa, ikawa nyeusi, haina harufu ila ya udongo. Akaichanganya na mchanga na jivu kidogo, akainua matuta ili maji yasituame, na hata alipolazwa, wauguzi wakimsihi atulie, yeye aliwauliza kama kuku wa jirani wameonekana Wiyoni wakichakura matuta.

Alifariki alfajiri ya Ijumaa, tarehe 11 Aprili 2025, matuta yakiwa tayari, miche ingali mikebeni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani wa Langoni, hata waliocheka, na waashi wenzake waliomchimbia kaburi na kumzika. Na kwa vile masika yameingia, na Bi Swafiya yumo edani, hawezi kutoka miezi minne na siku kumi, wala miche haiwezi kumngoja, anawaomba kwamba baada ya dua kila mwenye nguvu afike Wiyoni, apande mche mmoja, asiongeze samadi, iliyomo yatosha.

Kazi iliyobaki ni yetu, Bwana Shuaib. Wewe kaa sasa, upumzike kwa amani.