Maximilla Ndayisenga na Hofu ya Kumwambukiza Mumewe

Marehemu Maximilla Ndayisenga alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 kijijini Munanila, enzi hizo wilaya ya Kasulu, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Tharsisi na mama Adela. Utotoni aliogopa sana radi. Ikinguruma alijifungia ghalani, na akiitwa alijibu kuwa anachambua maharage.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1996, akaenda Kasulu mjini kujifunza ushonaji kwenye kibaraza cha duka la mama mmoja, Mwanaamina. Sare nyingi za kwaya zilizovaliwa hapa leo zimepita mikononi mwake.

Aliolewa mara ya kwanza mwaka 2004. Mumewe alifariki 2009. Watu wakasema karogwa, na hakuna aliyepimwa. Tarehe 20 Agosti 2011 alifunga ndoa na Melkiadi Nduwayezu, mkulima wa hapa Kitahana.

Mwaka uliofuata, akiwa mjamzito, muuguzi wa kliniki alimpima akamkuta na virusi vya UKIMWI. Kufa hakukumtisha kama kumwambukiza Melkiadi. Vidonge alivificha kwenye kopo la vifungo. Kitandani alisingizia mgongo, mimba, malaria, mpaka mumewe akauliza kama kuna mwanaume mwingine.

Wakivuna maharage, alishindwa kuvumilia.

"Melkiadi, nina virusi. Ukitaka kunirudisha kwetu, subiri kwanza nijifungue."

Melkiadi aliweka chini maharage aliyoyang'oa, akaketi kwenye tuta.

"Umejua lini?"

"Mwezi uliopita."

"Mwezi mzima umebeba peke yako? Twende na mimi nikapime."

Akakutwa hana, ila akaambiwa arudie baada ya miezi mitatu. Miezi hiyo Maximilla alikonda, akawa anapunguza magauni yake mwenyewe. Melkiadi akikohoa, Maximilla ndiye aliyeacha kula. Majibu yakaja: hana. Mtoto wao, Mpawenimana, akazaliwa salama. Dawa zilifubaza virusi, wakaishi kama mke na mume, lakini kila Melkiadi alipokwenda kupima, yeye alisubiri nje mpaka atoke na majibu.

Mwaka jana jirani alimwona kliniki. Maneno yakasambaa, wateja wakaja kuchukua vitambaa vyao. Kwa aibu akaanza kwenda kuchukua dawa zake Kasulu. Mvua zilipoharibu barabara alikosa vidonge, na hakumwambia mumewe. Julai mwaka huu alilazwa kwa kifua kikuu. Daktari alipomweleza kuwa virusi vimepanda, Maximilla aliuliza neno moja tu: "Melkiadi?"

Jumatano, tarehe 8 Oktoba 2025, Melkiadi alitoka kupima, akaketi kando ya kitanda.

"Mama Mpawe, sina."

"Usinidanganye kwa kuwa nakufa."

"Sikudanganyi. Na Januari nitapima tena."

Akamshika mkono. Maximilla aliiogopa hata hiyo Januari.

Alifariki Jumamosi, tarehe 11 Oktoba, saa tatu asubuhi. Aliagiza tusiseme "aliugua kwa muda mrefu". Tuutaje ugonjwa kwa jina, na wanandoa waliopo msibani wakapime pamoja. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Vestina, kwa ridhaa ya mumewe.

Ameacha mume, mtoto mmoja, mama yake mzazi na wadogo wawili.

Maximilla, pumzika. Hofu yako tuachie sisi.